Mstari Mwekundu wa Geji na Jina la Mzee Ombati

Vijana wa kituo, mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa miaka ya nyuma, na najua mlitarajia vichekesho. Vipo vichache. Lakini nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na hasira, na sioni kwa nini niifiche ili mpate kusoma kitu kitamu. Habari za vyeo nitaziruka, kwa sababu vyeo hupewa hata watu wasiojua valvu inafunguliwa upande gani. Nitaanza na siku ya kwanza. Siku hiyo ndiyo niliyokutana na mtu aliyenifunza kazi hii, naye ndiye sababu ya kushika kalamu.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha kahawa upande wa Mosocho. Nilikuja hapa kituoni, nje kidogo ya mji wa Kisii, katikati ya miaka ya sitini, nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto. Kazi ilikuwa moja tu: gesi ile inayotia soda povu ililetwa kwa tangi kubwa, nasi tukaigawa kwenye mitungi ya chuma na kuipeleka kwenye viwanda vya soda na mahoteli, hadi kule chini ziwani. Mzee Ombati wa Marani ndiye aliyekuwa mjazaji mkuu. Alivaa koti la sufu mwaka mzima, alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato kwao, na Jumamosi hakuna mtu aliyethubutu kumwita kazini.

Asubuhi ile hakunisalimu kwa maneno mengi. Aliushika mkono wangu, akauweka juu ya mtungi, akaushusha polepole.

"Hapo ni baridi?" akauliza.

"Bado, Tata," nikasema, ndivyo tunavyomwita baba au mzee kwa Kikisii.

"Na hapo?"

"Hapo ni baridi sana."

"Basi hapo ndio maji inaanza. Huko juu ni pumzi. Kila mtungi lazima ibaki na mahali ya kupumua. Ukiniambia geji inasema nini, mimi sikusikii. Niambie mizani inasema nini."

Hilo ndilo somo lote la kazi hii, na mtu aliyenipa hakuwahi kumaliza darasa la nne. Gesi yetu ikibanwa katika baridi ya milima hii hugeuka kimiminika, sisi tukakiita maji. Ndani ya mtungi kuna maji chini na gesi juu, na hapo ndipo geji, kipimo cha presha, inapokuwa bure kabisa. Mshale huonyesha joto la siku ile tu. Mtungi wenye maji ya kikombe kimoja na mtungi uliojaa theluthi mbili husoma sawasawa. Ndiyo maana tulipima uzito: mtungi mtupu, mtungi uliojaa, toa, andika, na theluthi moja hivi iachwe wazi.

Tulifanya hivyo miaka mitatu bila hata mtungi mmoja kutusumbua. Kisha akaja Injinia.

Jina lake sitaliandika, ameshatukuzwa vya kutosha. Alitumwa kutoka makao makuu Nairobi, kijana wa suti, na mwezi wake wa kwanza mizani yetu ikaharibika. Badala ya kuitengeneza aliipeleka stoo, akasema upimaji wa uzito ni ushamba unaochelewesha kazi. Akabandika karatasi ukutani na kupaka mstari mwekundu kwenye kioo cha geji. Agizo lilikuwa jaza mpaka mshale uguse mstari, funga, leta mwingine. Kwenye karatasi alikuwa amepiga hesabu kwa kanuni ile ya gesi ya shuleni, ile inayosema joto na presha hupanda pamoja kwa uwiano. Kwa hesabu hiyo, mtungi ukitoka kwenye baridi ya Kisii ukafika kwenye jua la ziwani, presha ingeongezeka kama sehemu moja ya nane tu. Karatasi ilikuwa imepigwa taipu vizuri sana.

Mzee Ombati aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, halafu akavua kofia.

"Bwana Injinia, hii mstari itafanya mtungi ikose mahali ya kupumua."

"Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu, bwana."

"Basi jaza."

Nilikuwepo. Nilisimama hatua mbili kutoka kwao na sikufungua mdomo, na hilo nalo lina sehemu yake katika hasira yangu.

Wiki za kwanza kulikuwa na joto, na mambo yalikwenda kinyume na tulivyoogopa. Mchana wa jua mshale ulikimbilia mstari kabla maji yoyote ya maana hayajaingia. Mitungi ikatoka miepesi kama madebe matupu, na mahoteli yakatupigia kelele kwamba tunawaibia. Injinia akawaza, akagundua kwamba mitungi ya asubuhi haikuwa na malalamiko. Akatoa agizo la pili: jazeni kuanzia kunapopambazuka, saa nne asubuhi pampu izimwe. Alifurahi sana kwa ugunduzi huo.

Mnaijua asubuhi ya Kisii mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya migomba, vidole haviwezi kukunja kamba. Katika baridi hiyo mshale hubaki chini ya mstari hata ufanye nini. Unajaza, haupandi. Unajaza zaidi, haupandi. Unakuja kupanda pale tu maji yanapokuwa yamechukua mtungi wote hadi juu na hakuna pumzi hata ya kijiko iliyobaki. Wakati huo mshale huruka ghafla na kugusa mstari, na mjazaji mtiifu hufunga valvu. Ndivyo tulivyofanya, asubuhi baada ya asubuhi.

Dereva wetu aliitwa Onsongo, mtu wa Keroka, mcheshi, wa kanisa moja na Mzee Ombati kwa upande wa mke. Siku moja aliteremsha shehena hadi ziwani, akaegesha lori juani mchana akisubiri kufunguliwa lango la hoteli. Alipokuwa akifungua nyuma ya lori, kisahani cha usalama cha mtungi mmoja kilipasuka. Kisahani hicho ni kipande chembamba cha chuma kilichowekwa kipasuke kabla ya mtungi wenyewe, na kilifanya kazi yake. Lakini gesi ikitoka kwa nguvu hiyo mtungi unaruka. Ulimpiga Onsongo chini ya goti na kuuvunja mguu mahali pawili. Mguu ule haukunyooka tena.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini. Mzee Ombati alitakiwa kutoa maelezo, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa shida, mimi ndiye niliyeandika. Alisema alijaza mpaka mshale ukagusa mstari. Kisha akasema tena, "Andika na kidogo zaidi."

Nikamnong'oneza kwa Kikisii aache hilo.

"Yaya, hapana. Andika. Mimi siku zote naacha mshale upite mstari kidogo, kama unywele. Huwezi kumpimia mtu ikaisha sawasawa na mdomo."

Kila Mkisii anajua alichosema. Nenda soko lolote, Marani, Mosocho, popote, ukamwangalie mama anayeuza wimbi. Akijaza gorogoro lake, lile kopo la kupimia, na kulisawazisha kwa kiganja, hakuna atakayerudi kwake. Lazima lifanye kichuguu, kisha aongeze konzi moja. Mzee Ombati alikuwa akiwafanyia wenye hoteli wasiomjua heshima ileile, kwa upana wa unywele mmoja kwenye geji.

Injinia alisoma karatasi yangu na uso wake ukachangamka. "Nimepata. Nyinyi mnajaza mtungi kama gorogoro ya wimbi, mpaka imwagike. Mstari ilikuwa sawa. Huyu mzee ndiye aliipita."

Barua ikatoka siku hiyohiyo: ameachishwa kazi kwa uzembe na kwa tabia ya kuzidisha kipimo, na kwa hivyo yeye ndiye aliyesababisha mfanyakazi mwenzake kuumia. Huko kwao wazee wa kanisa walimwomba akae kando mpaka jambo hili liwe wazi, kwa sababu mtu hawezi kugawa meza ya Bwana huku familia ya aliyevunjika mguu ikimtazama. Alikaa kando. Alikaa kwenye benchi la nyuma, na wakwe wa Onsongo wakawa wanapita mlango mwingine.

Nilijua moyoni kwamba unywele mmoja hauvunji mguu wa mtu, lakini kujua moyoni si hesabu. Ndipo nilipomwendea Mwalimu Kemunto. Alifundisha hesabu na sayansi katika shule ya wasichana karibu na nyumbani kwangu, upande wa Nyamira, na alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu Kampala si zamani. Binti yangu alikuwa darasani kwake. Mimi Msabato, yeye Mkatoliki, kwa hiyo Jumamosi haikufaa kwangu na Jumapili asubuhi haikufaa kwake. Tukakubaliana Jumapili alasiri, kwenye meza ya jikoni kwa mama yake, ndizi zikichemka pembeni. Tuliongea Kikisii, naandika hapa kama ninavyokumbuka.

Nilimweleza yote. Alicheka kwa hasira alipoiona nakala ya karatasi ya ukutani.

"Tata, huyu amehesabu kana kwamba chembe za gesi hazina mwili na hazijuani. Hiyo ni sawa kama ziko mbali. Ukizibana namna hii, hesabu hiyo ni ya kutupa."

Akanionyesha katika kitabu chake mlinganyo wa Mholanzi mmoja wa karne iliyopita. Mholanzi huyo alichukua kanuni ya shuleni akairekebisha mara mbili. Kwanza, chembe zina mwili na zinachukua nafasi. Pili, zikikaribiana zinavutana. Mimi nilielewa kwa kufikiria kanisa wakati wa makambi, ile mikutano mikubwa ya Wasabato: watu kumi kwenye benchi wanajisogeza wapendavyo, lakini wakifika ishirini kila nyonga inahesabika, na mmoja akivimba wote wanasukumwa. Marekebisho hayo mawili madogo yanageuza hesabu rahisi kuwa mlinganyo wa daraja la tatu, yaani nafasi inazidishwa kwa nafasi na tena kwa nafasi, na ukiutafuta ujazo unakupa majibu matatu.

"Matatu?" nikauliza. "Tuchague lipi?"

"Dogo ni la maji. Kubwa ni la gesi. La katikati halipo duniani, liko kwenye karatasi tu."

Nimewahi kufanya kazi chini ya watu wa jibu la katikati.

Hatukuwa na mashine. Tulikuwa na kitabu cha logi, penseli, na daftari la binti yangu. Unakisia ujazo, unauingiza, unaona umekosea kiasi gani, unakisia tena. Jumapili tano zilikwenda hivyo. Mlinganyo wa Mholanzi ulitupa presha kubwa mno, kubwa hata sisi hatukuiamini, na Mwalimu Kemunto alikataa katakata tuipeleke. "Tukipeleka uongo unaotupendelea, tutakuwa kama yeye," alisema. Kitabuni kulikuwa na marekebisho ya watu wawili wa baadaye, walioigusa ile sehemu ya kuvutana ili ipungue joto linapopanda. Tukaanza upya na mlinganyo huo uliorekebishwa. Safari hii namba zilikaa chini zikatulia. Mtungi uliojazwa katika baridi ya mwezi wa saba mpaka mshale uguse mstari, bila kuongeza hata unywele, ukifika kwenye joto la nyuma ya lori ziwani, presha yake ilizidi ile ya karatasi ya ukutani zaidi ya mara tatu. Ilikuwa pale pale kisahani kinapopasukia.

Nyinyi vijana mnaotoka chuo mnaniambia sasa iko milinganyo mipya zaidi ya daraja hilohilo, iliyotungwa katika miaka hii ya sabini, na kwamba wetu ulikuwa unakosea ujazo wa maji kwa kiasi fulani. Sawa. Itumieni mipya. Lakini msisahau kwamba ule wa zamani, pamoja na makosa yake, ulijua kilichouvunja mguu wa Onsongo, na aliyelipwa kujua hakujua.

Sikutaka kwenda na karatasi tupu. Niliomba marafiki zangu wa zamani wa Mosocho mizani yao ya kahawa, tukapima mitungi kwa siku mbili. Ile ya alfajiri ilikuwa mizito kupita kiasi, ile tuliyojaza mchana kwa majaribio miepesi, na yote mshale wake ulisoma mstarini. Kisha nikajaza mmoja kwa alfajiri, nikafunga mshale ulipogusa, nikapima, nikaongeza unywele wa Mzee Ombati, nikapima tena. Mizani haikusogea. Maji yakishajaa hayabanwi, na kile alichoongeza kwa kila mtungi kingetosha kijiko cha chai. Niliketi kwenye magunia ya kahawa nikalia machozi ya hasira, na karani kijana wa mizani akajifanya anahesabu magunia.

Nilipeleka daftari kwa Injinia. Alifungua ukurasa mmoja, akapita mwingine.

"Nani alikufundisha hii?"

"Mwalimu wa hesabu, Nyamira."

"Mwalimu wa wasichana." Akasoma kidogo. "Inasema hapa mlinganyo inatoa majibu tatu?"

"Ndiyo, lakini moja ndiyo ya maji, na..."

"Sasa kama yenyewe haijui jibu ni gani, mimi nitajuaje?" Akanirudishia. "Momanyi, rudi kazini. Hii ni kazi ya mainjinia."

Wiki saba baadaye mizani mpya ilifika kutoka Nairobi. Karatasi ya ukutani ilitoweka, mtu akaukwangua mstari mwekundu kwa wembe. Agizo jipya lilisema mitungi ijazwe kwa uzito, theluthi moja iachwe wazi, na likaeleza kwamba utaratibu huo umebuniwa na Injinia wetu baada ya uchunguzi wa kina. Umebuniwa! Mzee Ombati alikuwa ameniwekea mkono wangu juu ya utaratibu huo siku yangu ya kwanza. Nilikwenda kuuliza kuhusu barua yake. Nikaambiwa jambo lile limefungwa. Ukiifuta barua inabidi useme mstari ulikuwa na kosa, na mstari ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anapanda cheo.

Sikuacha kazi. Naandika hili ili msinifanye shujaa. Nilikuwa na watoto shuleni, nikabaki, nikajaza mitungi kwa uzito. Mwaka hadi mwaka niliandika Nairobi kuomba barua ya Mzee Ombati ifutwe, na mwaka hadi mwaka nilijibiwa kwamba jambo limefungwa. Hata nilipofanywa mkuu wa kituo niliendelea kuomba, kwa barua zenye heshima, kwa taipu safi.

Mlikuwepo kwenye karamu ya kuniaga. Mlimwona Injinia alivyokuja na gari, siku hizi mkurugenzi, akasimama na kuwaeleza jinsi alivyoleta upimaji wa uzito Kisii. Wengine mlipiga makofi, siwalaumu, hamkujua. Ndipo niliposimama nikatoa nakala ya barua ya Mzee Ombati na kuisoma mbele yenu, na nikamwomba Injinia aifute kwa mkono wake kabla sijapokea zawadi. Alitabasamu.

"Momanyi, hiyo ni mambo ya zamani. Leo tunafurahi."

Zawadi niliiacha mezani. Wapo waliosema nilivunja karamu, na kweli niliivunja.

Lakini sikuwaeleza kilichotokea nilipokuwa naisoma. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa naiangalia barua ile kwa hasira, na mtu mwenye hasira hasomi mpaka chini. Siku ile, kwa kuwa nilikuwa naisoma kwa sauti, nilifika hadi mwisho. Chini kabisa hapakuwa na muhuri wa Nairobi. Palikuwa na muhuri wa kituo, na saini ya mkuu wa kituo wa wakati ule. Mkuu wa kituo ndiye aliyemfukuza. Na mkuu wa kituo, kwa miaka mitano iliyopita, nilikuwa mimi.

Nilijikasirikia mwenyewe. Nilikuwa nikiomba ruhusa kwa watu wasiohitajika, na mzee wa watu anakaa benchi la nyuma.

Nilikuwa nimebakiza siku nne za kazi. Kesho yake asubuhi niliandika barua: kwamba Mzee Ombati alijaza mitungi kama alivyoagizwa, kwamba agizo lilikuwa na kosa, kwamba alilipinga mbele yangu na mimi nikanyamaza, kwamba nyongeza yake haikuwa na uzito wowote, nami niliipima. Nikaambatisha hesabu za Mwalimu Kemunto, ukurasa kwa ukurasa. Nikapiga muhuri, nikaipeleka Marani mwenyewe.

Nilimkuta akichambua maharagwe mlangoni. Masikio yake sasa ni mazito, nikasoma kwa sauti kubwa hadi majirani wakasimama kwenye ua. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipomaliza nilingoja aseme neno, alie, anishukuru, anilaani, chochote. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amevaa koti.

"Tata, unaenda wapi?"

"Keroka," akasema. "Umenisomea mimi, na mimi nilijua. Twende umsomee Onsongo."